Mbwa Mwitu wa Kenya na Mifupa Iliyogeuka Mawe

Jioni za mwisho wa juma, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hata Umoja, Kayole na Dandora, maduka ya kompyuta hujaa watoto wa shule za msingi. Mtoto ameshika karatasi aliyoandikiwa na mwalimu wake, na nyuma yake amesimama mzazi au dada mkubwa mwenye shilingi chache mkononi. Tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 1919 + 100, kama wazee wapendavyo kuhesabu, yaani mwaka 2019, kazi hizi za mradi zimekuwa desturi, na wazazi wengi wamenung'unika juu ya gharama ya karatasi ngumu, rangi na gundi. Manung'uniko hayo yana haki yake. Lakini iko miradi ambayo mzazi akiielewa vizuri hatalipa hata nusu ya fedha hizo, na mmojawapo ni ule wa mbwa mwitu na viumbe vya kale.

Mambo huenda hivi. Mtoto husema anataka picha ya mbwa mwitu. Mwenye duka huandika neno hilo katika mashine, na mara hutokea mnyama mkubwa wa kijivu, amesimama katika theluji, nyuma yake misonobari. Picha huchapwa, hulipiwa, hubandikwa. Mtoto hurudi nyumbani akiamini ya kuwa mbwa mwitu ni mnyama wa nchi za baridi, wala hana ujamaa wowote na Kenya. Hapo ndipo kosa linapoanza, na si kosa la mtoto.

Kwanza lipo tatizo la jina. Katika Kiswahili neno "mbwa mwitu" limebebeshwa mizigo miwili. Kwa watu wa nyika, na kwa askari wa mbuga, mbwa mwitu ni yule mnyama mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano, mwenye masikio ya mviringo kama majani mapana, awindaye kwa makundi. Huyo ana vidole vinne tu katika mguu wa mbele, hali mbwa wa nyumbani ana vitano. Lakini watafsiri wa vitabu vitakatifu na wa hadithi za Ulaya walipomkuta yule mnyama wa kijivu alaye kondoo, nao walimwita mbwa mwitu, kwa sababu hawakuwa na neno jingine lililo karibu. Tangu hapo wanyama wawili wamekaa ndani ya jina moja, na mwalimu asiyesema ni yupi amtakaye huwapotosha wanafunzi wake bila kujua.

Yule wa kijivu, ndiye mbwa mwitu hasa wa Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini, haishi Kenya. Hilo ni kweli. Lakini asije mtu akasema kwa hiyo Kenya haina mbwa mwitu wa namna yoyote, maana wataalamu wenyewe walikuwa wakisema hivyo kwa miaka mingi, nao walikuwa wamekosea.

Katika nyanda za Kenya na Tanzania wako wanyama wembamba watatu ambao watu huwaita mbweha bila kuwatenga. Wa kwanza ana mgongo mweusi uliochanganyika na nywele nyeupe. Wa pili ana mraba ubavuni na ncha nyeupe mkiani. Wa tatu ni wa rangi ya dhahabu iliyofifia, kama nyasi za Julai, na uzito wake ni baina ya kilo 7 na 15. Huyu wa tatu vitabu vilimwita mbweha wa dhahabu, na vilisema ni yule yule aonekanaye Bara Hindi, Uarabuni na Ulaya ya kusini mashariki. Ukiwaweka wawili hao pamoja, kwa macho tu, hata mwindaji mzoefu angeapa ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 2015 kikundi cha wataalamu, kikiongozwa na Klaus-Peter Koepfli, kilitoa habari katika jarida la Current Biology baada ya kuchunguza damu na nyama za wanyama hao, si umbo lao. Ndani ya kila chembe ya mwili wa mnyama imo hati ndefu ya urithi aliyoipata kwa baba na mama, na kwa kulinganisha hati hizo yaweza kujulikana nani ni jamaa wa karibu na nani wa mbali. Walipolinganisha, waliona ya kuwa mnyama wa Afrika na yule wa Asia wametengana kwa muda wa zaidi ya miaka milioni moja, na ya kuwa huyu wa Afrika yu karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na mbweha aliyefanana naye sura. Kwa hiyo akapewa jina jipya: mbwa mwitu wa dhahabu wa Afrika. Mwaka 2019 wataalamu waliokutana nchini Ureno walishauri jina lake la elimu liwe Canis lupaster. Kwa muda wote huo, huku watoto wa Nairobi wakipaka rangi ya kijivu mbwa mwitu wa theluji, mbwa mwitu wa Afrika alikuwa akikamata panya na panzi katika nchi yao, akiitwa kwa jina la mwingine.

Tabia za mnyama huyu zastahili kutazamwa. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Katika Serengeti mtaalamu Patricia Moehlman, aliyetoa habari zake mwaka 1979, aliona jinsi mbweha wanavyolea: watoto waliokwisha kukua hawaondoki wote mara moja, bali baadhi yao hubaki mwaka mmoja kuwalinda na kuwalisha wadogo zao wakati wazazi wamekwenda kuwinda. Aliona pia ya kuwa walezi wakiongezeka, watoto wanaopona huongezeka. Msichana wa Makongeni ambaye kila jioni humbeba mdogo wake mgongoni hatahitaji kuelezwa habari hii mara mbili.

Tena yuko jirani mwingine. Katika milima ya Ethiopia, hasa nyanda za juu za Bale, anaishi mbwa mwitu mwekundu mwenye miguu mirefu, alaye panya-fuko wa mlimani. Wazima waliobaki hawafiki 500, naye ni mmoja wa wanyama wa jamii ya mbwa walio haba kabisa duniani. Adui yake mkubwa si bunduki peke yake wala jembe linalopanda mlimani. Ni mbwa wa wachungaji wasiochanjwa. Kichaa cha mbwa kikiingia katika kundi, kama kilivyoingia Bale mwaka 2003, wanyama hufa kwa makumi katika miezi michache.

Jambo hili linaleta habari karibu sana na milango ya Eastlands, kwa maana mbwa alalaye kando ya kibanda cha mboga, yule asiye na mwenyewe, ni mzao wa mbwa mwitu wa kijivu. Wataalamu wanakubaliana ya kuwa watu walimfuga babu yake miaka 15,000 iliyopita au zaidi, mbali na Afrika, ingawa wanabishana juu ya mahali hasa. Meno yake bado ni 42, ishirini juu na mawili zaidi chini, sawasawa na ya mbwa mwitu. Lakini mtoto asiende kuyahesabu katika kinywa cha mbwa wa njiani, wala asiokote fuvu la mbwa aliyekufa karibuni ili ajipatie mradi. Na akiumwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apate sindano. Dalili za ugonjwa huu zikisha kuonekana, hakuna dawa.

Sasa iko sehemu ya pili ya mradi, yaani mifupa iliyogeuka mawe, ambayo vitabu vya leo huiita visukuku.

Mfupa ukiachwa juu ya ardhi huliwa na fisi, huchomwa na jua, na baada ya miaka michache huwa unga. Ili udumu, yafaa ufunikwe upesi kwa matope ya ziwa, kwa mchanga wa mto, au kwa majivu ya mlima wa moto. Kisha maji ya ardhini hupenya polepole katika vitundu vyake, yakiacha humo chumvi za mawe, hata mwisho mfupa huwa mzito kama jiwe ingawa umbo lake halikubadilika. Kati ya wanyama elfu nyingi wanaokufa, ni mmoja tu apataye bahati hiyo. Basi mtu asishangae ya kuwa mifupa ya kale ni michache. Ajabu ni kwamba ipo.

Mtoto wa Eastlands huuliza kama ataweza kupata kisukuku katika udongo mweusi wa nyuma ya nyumba. Jibu la kweli ni kwamba si rahisi. Lakini akitazama ukuta wa nyumba atajifunza jambo jingine. Mawe ya kijivu yajengewayo nyumba za Nairobi, kama yale ya Ndarugo, yalitoka katika milima ya moto mamilioni ya miaka iliyopita. Mengi yake ni majivu yaliyoshikamana. Na majivu kama hayo ndiyo saa ya wataalamu. Ndani yake mna chembe zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi iitwayo agoni kwa mwendo usiobadilika. Moto wa mlima hufukuza agoni yote ya zamani, kwa hiyo saa huanza tena tangu sufuri siku majivu yalipoanguka. Kwa kupima agoni iliyokusanyika tangu siku ile, umri wa tabaka hujulikana, na mfupa uliolala baina ya matabaka mawili ya majivu hupata umri wake baina ya miaka ya matabaka hayo.

Shule iwezayo kukodi gari na iende Olorgesailie, katika barabara ya Magadi, mwendo wa kilometa zipatazo 70 kutoka mjini. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliona zana za mawe huko mwaka 1919, na mwaka 1942 Dr. Leakey na Bibi Mary Leakey walizikuta zimelala kwa mamia juu ya ardhi. Pana daraja la mbao, na chini yake mashoka ya mawe yameachwa pale pale yalipoonekana, pamoja na mifupa ya wanyama wasiokuwapo tena duniani, akiwamo nyani mkubwa kupita nyani wote wa leo. Shule isiyoweza safari hiyo inayo Makumbusho ya Taifa, ng'ambo ya katikati ya mji. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Makumbusho ya Coryndon, nayo kwa miaka yake ya mwanzo haikuwa mahali pa Mwafrika kutembea kwa raha.

Humo ndimo imo mifupa ya yule kijana wa Nariokotome, na hapana mwalimu apasaye kuisimulia habari yake bila kumtaja marehemu Bwana Kamoya Kimeu.

Bwana Kamoya alizaliwa Ukambani, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, na elimu yake ya darasani haikupita shule ya msingi. Mwaka 1960 alikwenda Olduvai, Tanganyika, kufanya kazi ya kuchimba kwa akina Leakey. Wakati huo watu wengi waliogopa kazi ya kufukua mifupa, wakiona ni kama kuwasumbua wafu. Yeye aliishika. Mwaka 1964 alipata taya la kiumbe wa kale karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1967, huko Omo katika Ethiopia, alipata mabaki ya mmoja wa watu wa kale kabisa wa namna ya watu wa leo. Baadaye aliongoza kikundi cha Wakenya, wengi wao Wakamba wenzake, waliokuwa wakitembea siku nzima katika jua la Turkana, macho chini, na mwaka 1977 alikabidhiwa usimamizi wa mahali pa kale pote chini ya Makumbusho.

Siku ya mwezi wa Agosti mwaka 1984, kikundi kilikuwa kimepiga hema kando ya mto wa mchanga uitwao Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya kupumzika. Wengine walifua nguo, wengine walilala. Bwana Kamoya akaenda kutembea, akapanda mteremko mdogo uliojaa kokoto nyeusi za lava, na kati ya kokoto hizo akaona kipande cha mfupa wa paji la uso, kiasi cha kibiriti, rangi yake sawa na mawe yaliyokizunguka. Maelfu ya kokoto, na kipande kimoja. Richard Leakey na Alan Walker walipokuja, uchimbaji ulianza, na baada ya kuondoa udongo mwingi sana ilipatikana mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja wa kiume aliyekufa miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Hapajapata kuonekana kiunzi kilichokamilika namna ile cha mtu wa zama zile.

Mwaka 1985 Rais Reagan wa Marekani alimpa Bwana Kamoya nishani ya National Geographic katika White House. Viumbe wawili wa kale wa jamii ya nyani vimepewa majina yatokanayo na jina lake. Alifariki Julai 2022. Hata hivyo, muulize mtoto wa Umoja ni nani aliyevumbua kijana wa Turkana, na mara nyingi atajibu "Leakey", kwa sababu ndivyo alivyosikia.

Mwalimu atauliza: mbwa mwitu na visukuku vinakutanaje? Vinakutana katika vilima vya Tugen, huko Baringo. Ukoo wa mbwa ulianza Marekani ya Kaskazini kiasi cha miaka milioni 40 iliyopita, ukakaa huko muda mrefu mno, kisha ukavuka kuingia Asia wakati bahari ilipoacha njia ya nchi kavu. Katika matabaka ya Lukeino ya vilima vile wataalamu walipata mabaki ya mbwa wa kale wa kiasi cha mbweha, wakamwita Eucyon intrepidus, na kumweleza katika jarida mwaka 2005. Umri wake ni kama miaka milioni 6, naye ni miongoni mwa wa kwanza kabisa wa ukoo huo kujulikana katika Afrika. Ni matabaka hayo hayo yaliyotoa kiumbe aitwaye Orrorin mwaka 2000, ambaye waliomvumbua wanasema alitembea kwa miguu miwili. Maana yake mbwa na viumbe walio karibu na ukoo wa binadamu walikunywa maji katika ziwa moja la Baringo zamani zile, kabla ya mmoja kumfuga mwingine.

Kwa mradi wenyewe hazihitajiki fedha nyingi. Mtoto na achukue udongo wa mfinyanzi, aukande mpaka uwe laini, akandamize juu yake mfupa wa kuku uliochemshwa na kuoshwa, kisha autoe kwa taratibu. Alama iliyobaki ajaze uji mzito wa jasi, ile ile waitumiayo mafundi wa dari, auache hata kesho. Atakachokitoa ni mfano wa kisukuku, na amekifanya kwa mikono yake. Kando yake achore mbwa mwitu wa dhahabu kwa penseli mbili, ya manjano na ya hudhurungi. Theluji haihitajiki.

Hapa pana neno kwa waalimu. Vitabu vingi vilivyochapwa kabla ya mwaka 2015 bado vimo katika makabati ya shule, navyo humwita mnyama huyu mbweha. Mtoto akiandika ya kuwa Kenya ina mbwa mwitu wake, kalamu nyekundu isikimbilie kumkata. Aulizwe amepata wapi habari hiyo; akiweza kueleza habari ya mbweha watatu, apewe alama zake zote.

Na ikiwa siku ya matembezi, Olorgesailie au Baringo au Turkana, mtoto ataona jiwe lenye umbo la mfupa au jino, asilitie mfukoni. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchukua vitu vya kale bila kibali. Aliache lilivyo, apige picha, akumbuke mahali, na mwalimu apeleke habari Makumbusho. Kikitolewa mahali pake na kuletwa Nairobi ndani ya mkoba wa shule, hakuna mtu atakayejua tena kilikuwa chini ya majivu gani.